Moto wa Kiangazi Hauanzii Msituni



Mgeni akitutembelea huku Mbeya au Iringa mwezi wa Juni, hutukuta tumevaa masweta na tumekaa kuzunguka moto. Kule Mufindi na kwenye uwanda wa Kitulo, asubuhi nyingine sakitu hutanda nyeupe juu ya majani. Mgeni huyo akiambiwa kwamba baada ya miezi mitatu tutakuwa tunahangaika na moto na moshi, huenda akacheka. Lakini sisi wenyeji tunajua. Mvua za masika zimekwisha, na mvua mpya hatuzitazamii kabla ya Novemba. Baridi ya usiku na jua la mchana hukausha kila jani. Ikifika Agosti, vilima vyote ni rangi ya kahawia. Ikifika Septemba, jua huzama jekundu kama chungwa bivu, nguo tulizoanika zinaangukiwa na majivu, na usiku tunaona mistari ya moto ikipanda milimani.

Tunapouona moto ule wa mbali tuna neno letu la kusema. Tunasema, “Wanachoma huko.” Kisha tunaingia ndani na kufunga mlango.

Hebu leo tujiulize: ni nani hao “wanaochoma”? Tukilijibu swali hili kwa ukweli, tutajua pia mahali pa kuanzia ili kuwalinda watoto wetu.

Yaliyompata jirani yetu

Jina lake hatutalitaja. Ametusimulia mwenyewe ili wengine tujifunze, wala si ili asemwe. Ni mama wa watoto wanne. Mumewe anafanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi. Wana ekari moja na nusu ya misindano waliyoipanda mwaka aliozaliwa mtoto wao wa tatu. Ninyi mnaoishi huku mnajua maana ya shamba la miti: ni benki ya nyumba. Miti ile ilikuwa na miaka tisa, na mume na mke walikwisha kubaliana kwamba itauzwa kidogo kidogo kulipia masomo ya mtoto wa kwanza.

Mwanzoni mwa Oktoba mama huyu alikuwa akitayarisha shamba la mahindi. Mabua na majani alikwisha kuyakusanya mafungu mafungu. Siku hiyo asubuhi alimpeleka mtoto mchanga kliniki, kwa hiyo alifika shambani amechelewa. Aliwasha saa sita mchana. Mtoto alipolia, alimwachia binti yake wa darasa la nne kazi ya kuangalia moto, naye akaenda kunyonyesha kwenye kibanda kilichoko kando ya shamba.

Upepo uliinuka ghafla. Alipotoka kibandani moto ulikwisha kuruka mpaka na kuingia kwenye majani marefu ya shamba lililolazwa. Kutoka pale hadi kwenye misindano hazikupita dakika nyingi. Alivunja tawi, akaingia kuupiga moto peke yake. Mzee mmoja aliyekuwa ng’ambo ya bonde ndiye aliyemwita kwa sauti, akimwambia aiache miti na asogee mahali palipokwisha kuungua. Alipogeuka kumtazama mzee, ndipo alipomwona binti yake amemfuata nyuma, ameshika tawi naye, kanga imemfunika uso kwa sababu ya moshi.

Wanakijiji walikuja na majembe na matawi mabichi, wakapigana na moto hadi saa mbili usiku. Ekari moja na nusu yote iliteketea, na pia nusu ekari ya mjane wa jirani. Mama aliungua mguu kuanzia kifundo hadi kwenye shavu la mguu. Mtoto mchanga, ambaye muda wote alikuwa kibandani ndani ya moshi, alilazwa hospitali kwa nimonia.

Alipotusimulia, alitwambia jambo ambalo hatujalisahau. Alisema kwamba alipokuwa ndani ya moshi, mawazo yake yote yalikuwa kwenye ada ya shule. Mtoto mwenyewe atakayesomeshwa kwa ada ile alikuwa nyuma yake, na yeye hakujua.

“Wao” ni nani?

Huku kwetu moto wa msituni kwa kawaida huwashwa na mkono wa mtu. Radi zetu huja pamoja na mvua, na wakati wa mvua majani ni mabichi. Katikati ya kiangazi hakuna radi ya kulaumiwa.

Basi tuwataje wawashaji. Mkulima anayesafisha shamba, kama jirani yetu. Mfugaji anayetaka majani mapya yachipue. Mrina asali anayeacha mwenge wake chini ya mti. Mchoma mkaa ambaye tanuru lake limepasuka. Vijana wanaowinda panya na ndezi kwa kuchoma vichaka. Msafiri anayetupa kipande cha sigara kando ya barabara. Wako na wale wanaochoma kilima kwa imani tu, kwamba moto ukienda mbali, maisha ya aliyewasha yatakuwa marefu. Na sisi akina mama tumo: tunatupa majivu yenye makaa nyuma ya nyumba, tunachoma takataka mchana, tunamtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa la moto, naye anapita kwenye majani makavu akilipepea.

Moto mdogo haudharauliwi. Mtume Yakobo alipotaka kuwaonyesha Wakristo jinsi ulimi unavyoleta maafa, mfano alioutumia ni huu wa moto mdogo na msitu mkubwa. Nasi tumeyaona hayo katika nchi yetu. Mwezi Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa siku nyingi, na zaidi ya kilomita za mraba 90 ziliungua. Wakuu wa hifadhi walieleza kwamba moto ule ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha watalii. Moto wa kupasha chakula tu!

Huku Nyanda za Juu Kusini tuna vingi vya kupoteza. Tuna Sao Hill karibu na Mafinga, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali. Tuna misitu ya Kawetire kule Mbeya na Kiwira kule Rungwe. Tuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo kwa ajili ya maua yake watu huiita Bustani ya Mungu. Na katikati ya hiyo mikubwa yamo maelfu ya mashamba madogo ya miti ya jamaa kama zetu. Msindano una utomvu, na majani yake yaliyokauka huwaka upesi. Mkaratasi nao una mafuta katika majani yake. Tumezungukwa na kuni, wapendwa.

Kabla ya kuwasha kiberiti

Swali la kwanza ni hili: je, ni lazima kuchoma? Majirani zetu Wamatengo wa Mbinga, tangu zamani, hukata majani, huyapanga kwa miraba na kuyafunika kwa udongo. Hicho ndicho kilimo cha ngoro. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea, na vishimo vinavyobaki katikati hushika maji ya mvua yasichukue udongo wa mlimani. Mabua yetu pia yanaweza kulazwa shambani yafunike ardhi, au kulishwa ng’ombe, au kuwekwa kwenye shimo la mboji. Tunachokichoma ni chakula cha udongo wetu.

Ikiwa baada ya kufikiri unaona huna budi kuchoma, usianze bila kutimiza mambo haya:

1. Pata ruhusa kwanza. Nenda ofisi ya kijiji, uulize masharti ya kuchoma, na wajulishe majirani wote unaopakana nao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu uchomaji wa majani na vichaka, na vijiji vingi vina sheria zao ndogo. Mwenye kuacha moto umponyoke anaweza kushtakiwa.

2. Safisha mpaka. Lima ukanda wa udongo mtupu kuzunguka mahali unapochoma. Palipo na miti au majani marefu, ukanda uwe mpana, hatua kumi au zaidi. Jani lililobaki katikati ya ukanda ni daraja la moto.

3. Itazame siku. Huhitaji chombo cha kupimia. Ukiona nguo ulizoanika zimekauka upesi kuliko kawaida, majani yanavunjika mkononi kama biskuti, na upepo unainua vumbi njiani, siku hiyo ni ya hatari. Usiwashe. Wanaoishi Makambako na sehemu nyingine za upepo mkali waangalie hili mara mbili.

4. Chagua saa. Choma mapema asubuhi, umande ungali chini, mafungu madogo madogo, moja baada ya jingine. Saa sita hadi saa kumi ndio muda mbaya kuliko wote: jua ni kali, majani yamekauka na upepo umeamka.

5. Wawepo watu wazima wa kutosha, wenye majembe, matawi mabichi na ndoo za maji. Kulinda moto si kazi ya mtoto. Kama jambo lolote litakuita uondoke, zima kwanza.

6. Usiondoke mpaka majivu yamepoa. Mwagia maji, koroga kwa jembe, mwagia tena, kisha weka kiganja karibu uone kama pana joto. Kaa lililolala asubuhi huamshwa na upepo wa mchana.

Nyumbani nako tukumbuke walivyofanya bibi zetu. Walifagia uwanja mpaka udongo uking’aa, na sisi tulidhani ni usafi tu. Kumbe uwanja mtupu ni ukuta dhidi ya moto! Tusiache majani makavu yaguse kuta. Kuni zilizorundikwa, mabua na nyasi za mifugo viwekwe mbali na nyumba. Nyumba ya nyasi ni ya kuangaliwa zaidi, kwa maana cheche zinazobebwa na upepo huweza kuangukia paa wakati moto wenyewe ungali mbali. Petroli ya pikipiki na mafuta ya taa visikae jikoni. Na majivu ya jikoni yamwagiwe maji kabla ya kutupwa.

Wenye mashamba ya miti, pogoeni matawi ya chini na kuyatoa shambani, maana moto wa chini hupanda juu kwa matawi hayo. Ukanda wa kuzuia moto usafishwe kila mwaka mwezi wa Juni au Julai, kabla kiangazi hakijawa kikali. Kazi hiyo ni ngumu kwa mtu mmoja. Wanawake wa kikundi kimoja wanaweza kufanya zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama tunavyofanya wakati wa kupalilia.

Moto ukifika

Akina mama wengi hukosea hapa, kwa sababu mioyo yetu hukimbilia kuokoa vitu. Neno la kukumbuka ni moja: watu kwanza.

Moto ukiwa mdogo, na ninyi mko wengi, upigeni kutoka ubavuni au kutoka nyuma, mkiwa na njia wazi ya kukimbilia. Msisimame mbele yake. Ukizidi urefu wa kiuno, au ukianza kupanda miti, uacheni. Miti hupandwa tena.

Moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hukausha majani ya juu kabla haujayafikia. Kwa hiyo usikimbie kupanda mlima mbele ya moto, wala usijifiche kwenye korongo, maana korongo huvuta moto kama bomba la moshi. Nenda kando, kisha tafuta mahali pasipo na cha kuungua: palipokwisha kuungua, shamba lililolimwa, barabara pana, uwanja wa shule, au mto. Moshi ukiwa mwingi inama chini, hewa ya karibu na ardhi ni nafuu.

Mambo haya yazungumzwe nyumbani kabla ya hatari, watoto wote wakiwapo. Tukutane wapi? Nani atambeba bibi? Nani atafungua zizi ili mifugo ikimbie? Uwepo mfuko mmoja karibu na mlango: kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, hati, dawa za kila siku, tochi na chupa ya maji. Na watoto waambiwe waziwazi kwamba kazi yao ni kukimbia na kuita, wala si kuzima. Binti wa jirani yetu alikuwa mtiifu na jasiri, ila hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo haina malipo. Piga mapema, eleza kijiji na alama inayojulikana. Lakini tusidanganyane: magari ya zimamoto yako mjini, na vijiji vyetu viko mbali. Piga 114, piga na kengele ya kanisa au ya shule.

Moshi ni adui wa pili

Moto huonekana, na kila mtu huukimbia. Moshi tunauzoea. Tunasema ni hali ya hewa. Lakini fikirini yaliyotokea Australia katika kiangazi chao cha mwaka 2019 na 2020. Watu 33 walikufa katika moto wenyewe. Baadaye wataalamu walikadiria kwamba moshi ulisababisha vifo zaidi ya 400, wengi wao wakiwa watu ambao hata ulimi mmoja wa moto hawakuuona.

Sababu ni vumbi lililomo ndani ya moshi. Chembe zake ni ndogo mno. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene zaidi yake kama mara thelathini. Chembe hizo hazizuiliwi puani. Hushuka mpaka ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee, na wenye pumu au ugonjwa wa moyo. Mtoto, kwa kadiri ya uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima.

Huku milimani kuna jambo jingine. Usiku hewa baridi hushuka na kulala bondeni, na moshi hulala pamoja nayo. Jiji la Mbeya limekaa kati ya safu ya Mbeya na milima ya Uporoto, ndiyo maana asubuhi za kiangazi moshi unaweza kutanda chini kama ukungu. Jua likipanda na upepo ukiamka, hewa hufunguka. Basi siku za moshi mwingi, funga madirisha usiku na asubuhi, ukayafungue mchana hewa inapokuwa safi. Watoto wasicheze nje alfajiri. Chagua chumba kimoja kisicho na moshi, ziba upenyo wa mlango kwa kitambaa chenye unyevu, na humo alale mtoto na mgonjwa.

Wengi hufunga kitambaa kilicholowa usoni. Kitambaa huzuia majivu na joto, lakini zile chembe ndogo hupita. Barakoa zinazozizuia ni zile zenye maandishi N95, tena zikibana vizuri usoni. Kwa mtoto mdogo hazifai. Huyo dawa yake ni kuondolewa kwenye moshi. Mwenye pumu asisubiri kubanwa ndipo atafute dawa. Ahakikishe mwezi wa Agosti kwamba dawa yake ya kuvuta ipo.

Na tusisahau moshi tunaoupika wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Siku ambazo nje kuna moshi, mtoto mgongoni mwa mama apikaye hupata mara mbili. Tutumie kuni kavu, tufunike chungu kiive upesi, tutumie jiko banifu au gesi tukiweza, na mtoto asibebwe mgongoni jikoni.

Mama, jifunze kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika nzima. Mchanga wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya nimonia. Akishindwa kunyonya, kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Joto la mabondeni

Huku juu jua hutudanganya kwa sababu upepo ni wa baridi. Lakini wengi wetu tunashuka kwenda kulima au kufanya biashara Usangu, Kyela au Pawaga, na huko Oktoba na Novemba ni joto jingine kabisa. Mwili uliozoea Mufindi hauwezi kufanya kazi siku ya kwanza kama wenyeji wanavyofanya. Anza alfajiri, pumzika kivulini mchana, kunywa maji kabla kiu haijakushika. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtu akiwa na ngozi ya moto, akianza kupayuka au kuyumba, hiyo ni hatari ya kifo: mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji, mpepee, na mtafutie hospitali upesi.

Baridi na jiko la mkaa

Mwezi wa Juni hadi Agosti tunalo kosa letu la kila mwaka: kuingiza jiko la mkaa chumbani, kufunga madirisha na kulala. Mkaa uliowaka vizuri hautoi moshi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu aliyelala haamki. Jiko lipashe chumba mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Kuumwa kichwa kwa watu kadhaa chumbani kwa wakati mmoja ni onyo: tokeni nje wote.

Aliyeungua

Nguo ikishika moto usikimbie. Lala chini, viringika. Kisha mwagia palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke kwa dakika 20. Barafu isitumike. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Hivyo hushika joto ndani na kuleta uchafu. Toa pete na bangili kabla ya kuvimba, funika kwa kitambaa safi, nenda zahanati. Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na mafiga, hata kwa kitambo kidogo.

Mwisho wa habari

Jirani yetu alipona mguu, ingawa kovu lipo. Mtoto mchanga sasa anakimbia. Miti haikurudi, na mtoto wa kwanza alisaidiwa masomo kwa mikopo ya kikundi, ambayo bado inalipwa. Kwa mjane yule alikwenda kuomba radhi akiongozana na mumewe. Mvua ziliponyesha, wanawake wa jumuiya tulichangia miche, tukampandia mjane kwanza, kisha jirani yetu.

Tangu siku zile hachomi tena shamba. Hufukia majani. Na kila mwezi wa Julai huwa wa kwanza kutukumbusha kusafisha mipaka. Jioni moja mwaka uliofuata tulikuwa tumeketi naye nje, tukaona moto mlimani. Mmoja wetu akasema kama tulivyozoea, “Wanachoma huko.” Yeye akainuka, akauliza huko ni shamba la nani, akachukua simu, akampigia mwenyekiti wa kitongoji. Sisi wengine tukaenda kutafuta majembe.